Wimbo upi upigwe saa ngapi: ulinganisho wa nyimbo za dansi na soul zisizopewa heshima yake

Msimu wa korosho unapoanza na malipo ya mnada yanapowafikia wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi, kumbi za Mtwara na Lindi hujaa harusi kila mwisho wa juma. Kamati huketi mara nyingi kujadili pilau, sare za vitenge na gari la maharusi, lakini muziki hukumbukwa dakika za mwisho, tena kwa agizo la jumla tu: baada ya singeli na bongo fleva, wazee nao wawekewe za kwao. Kwa waliokuwa vijana miaka ya 1970 na 1980, za kwao ni zilipendwa za dansi pamoja na zile soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, na disko za Marekani walizozijua kwa redio, santuri na kanda. DJ aliyezaliwa baada ya enzi hizo huzichagua kwa mdundo peke yake, na mdundo mara nyingi hauendi njia moja na maneno.

Ulinganisho huu unazipanga nyimbo chache mbilimbili, kila jozi kwa kazi yake ukumbini, ili kamati au mshereheshaji aweze kuchagua. Nimeacha kwa makusudi zile ambazo kila mtu anazijua hata kwa mluzi, nikachukua zile zinazochezwa sana bila kuulizwa zilitoka wapi. Kigezo changu cha kwanza ni kisa kilichouzaa wimbo, na cha pili ni namna unavyofanya kazi katika ukumbi wenye watu wa rika zote. Kwa wakazi wa Kusini kigezo hicho cha kwanza si kigeni hata kidogo, kwa kuwa aliyekulia karibu na unyago anajua kwamba wimbo anaoimbiwa mwali una maana ya nje na ya ndani, na kwamba kungwi hachagui wimbo kwa sababu ngoma yake imekolea.

Tuanze na maharusi kuingia ukumbini, ambako ndiko makosa mengi hutokea. Nyimbo mbili hushindania nafasi hii kwa watu wa umri wa makamo: "Ain't No Stoppin' Us Now" ya McFadden & Whitehead, iliyotoka mwaka 1979, na "Young Hearts Run Free" ya Candi Staton, ya mwaka 1976. Kwa sikio zinakaribiana sana, kwani zote zina vinanda vya nyuzi vinavyopanda juu, besi inayotembea na mdundo unaomfanya hata mzee wa fimbo atikise bega, na zote mbili zilishika namba 1 katika chati ya muziki wa watu weusi Marekani. Kwa kisa, hata hivyo, zimeachana kabisa.

Gene McFadden na John Whitehead walikuwa vijana wa Philadelphia waliowahi kuzunguka majukwaani pamoja na mwimbaji wa soul Otis Redding wakiwa katika kundi lililoitwa Epsilons. Baadaye waliajiriwa kama watunzi katika kampuni ya Philadelphia International, na huko walishiriki kutunga "Back Stabbers", ulioimbwa na O'Jays mwaka 1972, na "Wake Up Everybody", ulioimbwa na Harold Melvin & the Blue Notes mwaka 1975. Nyimbo zao zilivuma duniani, lakini kwa sauti za watu wengine. Kila walipotaka kusimama wenyewe mbele ya kipaza sauti, wakubwa wa kampuni waliwarudisha mezani wakaendelee kutunga. Kinyongo hicho ndicho walichokigeuza kuwa wimbo, wakimshirikisha Jerry Cohen katika utunzi, na wimbo huo unaosema kwamba sasa hakuna wa kuwazuia ulikuwa, kwanza kabisa, ujumbe wa waajiriwa wawili kwa mabosi wao. Wasikilizaji weusi wa Marekani waliuchukua mara moja kama wimbo wa jamii nzima iliyozuiwa kwa muda mrefu, na hadi leo hupigwa katika mahafali, mikutano ya siasa na sherehe za ushindi. Ulifika namba 13 katika chati kuu ya Marekani na namba 5 Uingereza. Wawili hao hawakupata tena wimbo wa ukubwa huo kwa sauti zao wenyewe. Whitehead aliuawa kwa risasi mtaani Philadelphia mwezi Mei 2004, na McFadden alifariki kwa saratani mwezi Januari 2006. Watu wanaouimba kiitikio chake ni wengi mno. Wanaoweza kuwataja watunzi wake kwa majina ni wachache.

Kisa cha Candi Staton ni kizito zaidi. Alizaliwa Alabama mwaka 1940, akaanza kuimba nyimbo za injili akiwa mtoto, kisha akaingia katika soul ya Kusini mwa Marekani kupitia studio ya FAME ya Muscle Shoals. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa amenaswa katika uhusiano na mwanamume aliyemtesa na kumtishia. Alipomweleza mtayarishaji wake, David Crawford, yaliyokuwa yakimpata nyumbani, Crawford aliyachukua maelezo hayo akatunga wimbo wa mwanamke anayewaonya vijana wasijifunge mapema kwa mtu atakayewanyima uhuru na heshima. Staton, kwa hiyo, alikuwa akiimba maisha yake mwenyewe, na mtu anayeusikiliza kwa utulivu huku ameketi, bila kucheza, huisikia sauti ikikwaruza pale maneno yanapouma. Uingereza ulifika namba 2 na Marekani namba 20 katika chati kuu.

Sasa mtu aufikirie wimbo huo wakati bibi harusi anatembea hatua moja moja kutoka mlangoni hadi meza kuu, shangazi zake wakipiga vigelegele, huku spika zikimwonya kwamba anakotia mguu hakuna kutoka kirahisi. Wengi ukumbini hawayafuati maneno ya Kiingereza, lakini si wote, na siku hizi yupo mpwa anayesoma chuo ambaye atayafuata na kuyaeleza kwa meza nzima. Kwa kuingia ukumbini, basi, ninauchagua wa McFadden na Whitehead bila kusita. Kuna sababu ya vitendo pia: matembezi ya maharusi wa huku ni marefu, kwa kuwa kila hatua chache ndugu husimama kutunza noti, na wimbo huu una toleo la santuri ya inchi 12 linalokaribia dakika 11, hivyo DJ halazimiki kuurudia mwanzo maharusi wakiwa bado katikati ya ukumbi.

Hata hivyo, sitaki "Young Hearts Run Free" utupwe. Una mahali pake panapofaa kuliko harusi, napo ni kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi, ile ambayo wanaume hawaalikwi na ambako akina mama huzungumza waziwazi juu ya kupigwa, kunyanyaswa na haki ya mwanamke kurudi kwao. Ukipigwa pale, baada ya mawaidha, utakuwa umefika kwa waliokusudiwa. Vivyo hivyo katika sherehe ya mwisho wa mwaka ya kikundi cha VIKOBA, ambako nusu ya wanachama wanaweza kuwa wamekwisha kuyaishi yanayoimbwa.

Jozi ya pili ni ya muziki wa taratibu, pale mshereheshaji anapowaomba maharusi wacheze peke yao. Hapa wimbo unaotawala, tangu enzi za kanda, ni "Kiss and Say Goodbye" wa Manhattans, na mpinzani wake ninayempendekeza ni "If You Don't Know Me by Now" wa Harold Melvin & the Blue Notes.

Wimbo wa Manhattans ulitungwa na Winfred Lovett, mwenye sauti nzito ya kundi hilo, na ndiye anayezungumza mwanzoni kabla Gerald Alston hajaanza kuimba. Lovett alikuwa amewaza wimbo wa namna ya country, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani weupe, na hiyo ndiyo sababu unasimulia kisa kwa utaratibu kama mtu anayesoma barua. Ulirekodiwa katika studio za Sigma Sound, Philadelphia, chini ya mtayarishaji Bobby Martin, ukakaa kabatini zaidi ya mwaka mmoja, na ulipotolewa mwaka 1976 ulifika namba 1 Marekani. Ni kazi nzuri mno. Tatizo ni kwamba kinachosimuliwa ni mwanamume anayekutana na mpenzi wake wa siri kwa mara ya mwisho ili waachane, kwa kuwa kila mmoja ana vifungo vyake kwingine. Sijui ni wimbo gani unaoweza kuwa mbali zaidi na shughuli ya usiku huo, na bado maharusi wameucheza miaka nenda miaka rudi wakiwa wamefumba macho.

Wa Blue Notes, uliotoka mwaka 1972, nao hauna raha tupu, lakini shida yake ni ya ndani ya nyumba. Kenneth Gamble na Leon Huff waliutunga wakilenga kundi la Labelle, lakini ukaishia mikononi mwa Blue Notes, ambao muda mfupi kabla walikuwa wamefanya jambo lisilo la kawaida: walimtoa mpiga ngoma wao, Teddy Pendergrass, nyuma ya ngoma zake na kumweka mbele kama mwimbaji kiongozi. Anachokiimba ni lalamiko la mume kwa mke waliyekaa naye miaka mingi na ambaye bado anamtilia shaka kila anapochelewa kurudi. Anaomba aaminiwe, la sivyo hawatafika. Ulishika namba 1 katika chati ya muziki wa watu weusi na namba 3 katika chati kuu. Kundi la Simply Red la Uingereza liliurudia mwaka 1989 ukafika namba 1 Marekani, na toleo hilo ndilo ambalo simu nyingi hulileta kwanza mtu anapoutafuta, kwa hiyo DJ aangalie jina la mwimbaji kabla ya kupakua. Pendergrass alipata ajali ya gari mwaka 1982 iliyompooza kuanzia kifuani kwenda chini, akaendelea kuimba kwa miaka mingi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na alifariki mwaka 2010. Toleo la 1972 linatunza sauti yake ilipokuwa na nguvu zake zote.

Kwa maharusi wapya, kusema kweli, hakuna kati ya hizi mbili ninaoweza kuuita unafaa kikamilifu. Lakini ikilazimu, wa Blue Notes ndio wa kuchukua, kwa sababu angalau wahusika wake wamo ndani ya ndoa na wanataka kubaki humo, na mapigo yake ya tatutatu huwayumbisha wachezaji hata wasiojua hatua. Unafaa zaidi kwa wanandoa wanaoadhimisha miaka 25, kwa kuwa wao hucheka wenyewe kwa wenyewe ukifika kwenye kiitikio. Wa Manhattans ubaki kwa sherehe ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu au kuhamishwa, na hata hapo ningekata yale maneno ya mwanzo ili watu wasidhani kuna siri kati yake na mhasibu.

Kazi ya tatu ni kufungua dansi, yaani kuwainua watu vitini baada ya chakula, na hapa ndipo palipo na wimbo ninaouona umedharauliwa kuliko yote. "Soul Makossa" wa Manu Dibango ulianza maisha yake kama nyongeza. Mwaka 1972 Kamerun ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, na Dibango, mzaliwa wa Douala aliyepelekwa Ufaransa kusoma akiwa kijana na ambaye baadaye alipiga na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele huko Kongo, alipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa mashindano. Aliurekodi, kisha upande wa pili wa santuri ukahitaji kitu cha kuujaza. Akaujaza kwa makossa, dansi la mitaa ya Douala, akilitia saksofoni yenye ladha ya soul na kucheza na silabi za jina la dansi lenyewe kwa kuzigonganisha kinywani. Kamerun ilitolewa katika nusu fainali na Kongo Brazzaville, waliotwaa kombe, na wimbo wa mashindano ukaenda na mashindano yake.

Upande wa pili ndio uliosafiri. David Mancuso, aliyekuwa akiendesha sherehe za dansi nyumbani kwake New York katika ukumbi ulioitwa The Loft, aliipata santuri hiyo katika duka la wahamiaji huko Brooklyn, akaipiga, na wachezaji wake wakaitaka tena na tena. Mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni. Nakala chache zilizokuwa mjini zikaisha, makundi mengine yakakimbilia kurekodi matoleo yao ili kuziba pengo, na kampuni ya Atlantic ikanunua haki za kuusambaza. Mwaka 1973 wimbo wa asili ulifika namba 35 katika chati kuu ya Marekani. Haya yalitokea kabla disko haijawa biashara yenye jina kubwa, kwa hiyo miongoni mwa nyimbo zilizoifungulia njia umo mmoja kutoka Douala. Mwaka 1982 zile silabi zilisikika mwishoni mwa wimbo wa kwanza wa albamu ya Michael Jackson, Thriller. Dibango alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. Rihanna alipozitumia tena mwaka 2007, mzee huyo alirudi mahakamani jijini Paris. Alifariki Machi 24, 2020 kwa ugonjwa wa korona, akiwa na miaka 86.

Mshindani wake hapa ni "Rock Your Baby" wa George McCrae, wa mwaka 1974. Harry Wayne Casey na Richard Finch walikuwa vijana wa kazi ndogondogo katika kampuni ya TK ya Florida, na usiku, studio ikiwa tupu, walitengeneza muziki wakitumia kifaa cha kupiga mdundo kwa umeme badala ya mpiga ngoma. Sauti ya wimbo ilikuwa juu mno kwa Casey mwenyewe, wakampa McCrae, ambaye sauti yake nyembamba iliweza kufika huko. Ukawa namba 1 Marekani na Uingereza. Ni mwepesi, mtamu, na hauna mahali unapokwaruza.

Ninazilinganisha hivi. Katika ukumbi mkubwa wenye spika za kukodi na jenereta, "Soul Makossa" hauna mpinzani: unaanza kwa mdundo na sauti nzito ya mtu anayetamka jina la dansi, saksofoni inaingia kama mtu aliyechelewa anayejua kwamba anasubiriwa, na wazee waliokulia kwenye bendi za dansi zenye tarumbeta na saksofoni wanaitambua lugha hiyo hapo hapo. Vijana nao huzitambua silabi, wakidhani ni za Rihanna. Udhaifu wake ni kwamba hauna ubeti wa kuimba pamoja, kwa hiyo anahitajika mtu mmoja jasiri wa kutangulia katikati. "Rock Your Baby" unafaa zaidi kwa shughuli ya uani, watu hamsini na spika ndogo, ambako besi kubwa ingepasuka na majirani wangelalamika.

Kuna wa tatu ambao hupendekezwa sana na ambao nitaupitia haraka, "Ring My Bell" wa Anita Ward, namba 1 Marekani na Uingereza mwaka 1979. Mtunzi wake, Frederick Knight, aliukusudia kwa Stacy Lattisaw, msichana mdogo, na awali ulihusu watoto wanaopigiana simu. Lattisaw alipokwenda kampuni nyingine, Knight akaubadili maneno na kumpa Ward, aliyekuwa mwalimu wa shule. Maneno mapya si ya watoto tena. Upigwe baada ya sheikh au mchungaji kuaga.

Limebaki swali la kama kuna haja ya kwenda mbali kote huko ilhali zipo za Kiswahili. "Sina Makosa" wa Les Wanyika ndio kipimo changu. Kundi hilo lilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa wa Simba Wanyika walipojitenga, wengi wao wakiwa Watanzania waliovuka mpaka kutafuta riziki ya muziki; Simba Wanyika yenyewe ilikuwa ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Tom Malanga alikuwa kwenye besi, Omar Shabani kwenye gitaa la rhythm, na John Ngereza akaongezwa kwenye uimbaji na gitaa la solo. Magitaa yanapokezana bila papara, na besi inasema zaidi kuliko ngoma.

Kisa chake ni cha mtu anayemsihi mwenzake mwenye hasira aache kumtuhumu, kwa kuwa kila mmoja ana wake nyumbani. Kimaudhui hakiko mbali na wa Blue Notes: shaka, wivu na ombi la kuaminiwa. Tofauti ni kwamba huu kila mtu ukumbini anauelewa neno kwa neno, na kwa sababu hiyo hauwezi kumvizia mtu. Anayeucheza anajua anacheza nini, na mzee mwenye yake hucheka mapema kabla hajachekwa. Kama ratiba ina nafasi ya wimbo mmoja tu wa wazee, ningeuchukua huu kabla ya yote niliyoyataja, uwekwe baada ya keki na zawadi, lakini usipigwe mara tu baada ya hotuba ya baba mkwe, hasa kama hotuba yenyewe ilihusu uaminifu.